Mwanamke Aliyekaa

Nyumbani kwetu Karatu kulikuwa na picha moja tu ukutani ambayo haikukatwa kwenye kalenda ya kanisa. Ilichorwa kwa rangi za mafuta, ukubwa wake kama mlango wa kabati, na aliyekaa ndani yake ni mama yangu. Mgeni aliyeingia mara ya kwanza alidhani ni mtu mwingine. Uso ulikuwa na kijani chini ya macho, zambarau shavuni, na njano nzito kwenye paji, imesimama kama uji ulioganda. Mikono ilikuwa mikubwa kuliko kichwa. Jirani yetu mmoja, mzee asiyejua kufunga mdomo, aliuliza kama mama alichorwa akiwa anaumwa nyongo. Tangu hapo watu wa kitongoji waliiita picha ile Nyongo, na sisi tuliokaa nayo tukazoea.

Jina lake halisi liliandikwa nyuma, kwenye ubao ulioshikilia kitambaa: Mwanamke Aliyekaa. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili. Nimesahihisha insha za watoto wa watu kwa wino mwekundu mpaka vidole vikawa vyekundu, na si mtu wa kusamehe neno lililokaa vibaya. Lakini hilo la pili, aliyekaa, lilinisumbua miaka mingi, na kosa halikuwa la aliyeandika. Lilikuwa langu.

Mchoraji alikuwa mwalimu wetu wa darasa la nne, mwanamke wa Tanga aliyehamishiwa kwetu bila kuulizwa. Alifika na sweta moja. Mwezi wa kwanza ulipokwisha alikuwa akivaa tatu, moja juu ya nyingine, na kanga juu ya zote. Asubuhi ukungu ulioshuka kutoka msitu wa Ngorongoro ulimkuta amesimama ubaoni akipuliza viganja, nasi tukimcheka chini chini. Ndani ya kopo la biskuti alihifadhi mirija ya rangi aliyotoka nayo chuoni. Aliikunja kutoka mkiani, kama watu wanavyokamua dawa ya meno inayokaribia kwisha, na hakuna mwanafunzi aliyeruhusiwa kuigusa. Mara mbili kwa wiki, watoto wakishatoka, alifundisha kisomo cha watu wazima katika darasa letu lile lile.

Mama alikuwa mmoja wa wanafunzi wake. Alikuwa na daftari lake, kalamu yake ya risasi aliyoichomeka kwenye nywele chini ya kitambaa, na jioni aliandika herufi kwa mkaa kwenye mlango wa kihenge cha mahindi. Mimi nilizifuta nikipita. Sikuwa na sababu, nilikuwa mtoto mwenye kiburi cha kujua kusoma.

Nitasema pia jambo ambalo silipendi kulisema. Siku moja mbele ya shangazi zangu mama alijaribu Kiswahili. Sufuria ilikuwa imepinduka, naye akasema, "Maziwa imemwagika." Nilicheka mpaka nikashika mbavu. "Yamemwagika, aayo," nikamwambia, aayo ndiyo mama kwa Kiiraqw, na shangazi nao wakacheka, wakanisifu kwamba shule imeniingia. Mama hakukasirika. Alichukua kitambaa akafuta maziwa. Kuanzia siku hiyo sikumsikia tena akisema Kiswahili mbele yangu, hata salamu. Dukani nilimsemea mimi, zahanati nilimsemea mimi, hata kwa mwalimu wake wa kisomo nilimsemea mimi, maana kule aliandika tu, hakusema. Niliamini hajui kitu, na nilifurahia kuwa mdomo wake.

Baba alikuwa amefanya kazi miaka mingi katika hoteli moja juu kwenye ukingo wa kreta, akichochea moto wa maji ya kuoga ya watalii. Alirudi kila mwisho wa mwezi akinuka moshi na sabuni nzuri. Kisha mpaka wa Kenya ukafungwa, watalii wakapungua, na waliochochea moto wakaambiwa wapumzike. Baba hakujua kupumzika. Alivuka kwenda upande wa Loliondo kununua na kuuza ng'ombe, mwanzo kwa wiki mbili, halafu kwa miezi. Watu wakaanza kusema kwamba huko ana nyumba nyingine na mtoto mwingine. Lisemwalo lipo. Mavuno yakapita, tukalima tena, tukapanda, hajaonekana. Bibi yangu, mama yake baba, alisema mwanawe atarudi akichoka. Kwake hiyo ilikuwa habari njema.

Ndipo mjomba wangu wa Mbulu akatuma neno kwa dada yake. Lililetwa na mtu mmoja baada ya ibada ya Jumapili, nami nilikuwa hapo, maana hakuna anayemficha maneno mtoto anayechambua maharage. Alisema kibanda kipo, shamba la kutosha lipo, arudi kwao. Mama aliitikia kwa kichwa tu, akauliza habari za mvua za huko.

Kwetu mwanamke akirudi kwao alirudi na nguo zake. Watoto ni wa ukoo wa baba. Mimi na wadogo zangu wawili tungebaki kwa bibi, na nililijua hilo kama nilivyojua jina langu, kwa sababu jirani yetu mmoja alikuwa amelelewa hivyo na hakuacha kutuhadithia. Wiki nzima nilimwangalia mama kama polisi. Alipika, alikamua, alipalilia. Hakusema lolote, na kimya kingi kina mshindo mkubwa.

Siku moja nilitumwa kuchota mahindi, nikaona nyuma ya kihenge furushi limefungwa kwa shuka. Nikalifungua upande. Ndani kulikuwa na gauni lake la kanisani, blanketi, na daftari la kisomo. Daftari ndilo lililonitisha. Nguo mtu hufunga hata akienda msibani, lakini daftari hulifungi kama unarudi kesho kutwa. Nililifunga tena kama nilivyolikuta.

Mchana wa siku hiyo hiyo mama alijaza maziwa kwenye chupa ya mwalimu. Kila siku alimpelekea peke yake. Leo akasema twende wote, ana neno la kumwambia. Furushi alijitwika kichwani.

"Hizo nguo tunazipeleka wapi?" nikamuuliza.

"Kufua," akasema.

Mto ulikuwa upande wa pili kabisa. Tulivuka korongo, yeye mbele mimi nyuma, na katikati ya mlima akaniambia bila kugeuka ujumbe wa kumfikishia mwalimu. "Mwambie kuanzia kesho maziwa utamletea wewe." Nikasema ndiyo. Nyumba ya mwalimu haikuwa mbali na njia panda ya Mbulu, na basi lililotoka Arusha lilipita pale alasiri. Hata mtoto wa darasa la nne aliweza kujumlisha.

Kwa mwezi mzima mwalimu alikuwa akimwomba mama akubali kuchorwa. Mama alimpiga chenga: leo kuna palizi, kesho kuna ubatizo. Tulipotokea uani siku ile, mwalimu alidhani ombi lake limejibiwa. Kitambaa cha marekani kilikuwa tayari, kimepigiliwa misumari juu ya mbao za kasha na kupakwa gundi. Kigoda kilikuwa kimewekwa kuelekea mwanga. Alipokea chupa, akaiweka dirishani, akashika brashi na kuielekeza kwenye kigoda.

"Leo nimempata," akaniambia. "Mwambie akae."

Mama akanigeukia. "Amesema nini?"

Kiiraqw kina neno la kuketi, makalio yakagusa kitu, na kina neno jingine la kubaki mahali, mtu akaishi hapo. Hayafanani hata kidogo. Kiswahili kimeyatia yote mawili kwenye kapu moja na kuliita kaa. Nilikuwa na nafasi ya kuchagua, nikachagua.

"Amesema ubaki," nikasema.

Mama alimtazama mwalimu. Akakitazama kigoda, kisha brashi iliyokuwa bado imeelekezwa, kisha mimi.

"Amesema nini?" akauliza tena, taratibu, kana kwamba sikusikia vizuri mara ya kwanza.

"Amesema ubaki. Usiende."

Mwalimu akacheka. "Mbona unamtafsiria maneno mengi? Nimesema moja tu."

Mama alishusha furushi kichwani, akaliweka chini kando ya kigoda, akaketi. Mikono aliiweka magotini. Mguu wa kulia ulikuwa mbele ya wa kushoto. Ujumbe wa maziwa sikuufikisha, naye hakuniuliza kama nimeufikisha.

Nilikuwa sijawahi kuona mtu akichora namna ile. Darasani mwalimu alituchorea embe kwa chaki, na embe lilifanana na embe. Hapa aliminya rangi kwenye sahani ya bati, akaichota kwa kisu cha mkate, akaibandika kwenye kitambaa kwa nguvu kana kwamba anakandika nyumba. Harufu ya tapentaini ilinichoma pua. Alisogea nyuma, akakunja uso, akarudi, akakwangua alichokibandika. Hakusema na sisi. Jua lilitoka kwenye ukungu likampiga mama upande mmoja, na mama hakupepesa.

Kisha tukalisikia basi. Lilikuja likiguna kwenye mteremko, likapiga honi mara mbili njia panda kama ilivyokuwa kawaida yake. Mgongo wa mama ukanyooka. Vidole vyake vikakamata magoti.

"Mwambie asitikisike," mwalimu akasema, macho kwenye kitambaa.

Hilo nililitafsiri sawasawa.

Basi likasimama. Tulisikia mlango, tukasikia utingo akiita Mbulu, Mbulu. Nilimwomba Mungu wa kanisani na Mungu wa bibi yangu kwa pamoja, nisijue ni yupi anayehusika na mabasi. Halafu gia ikaingia, sauti ikapanda kilima, ikapungua, na mwishowe tukabaki na kuku wa mwalimu tu. Mama alikuwa bado ameketi. Machozi hayakumtoka. Mimi yalinitoka, nikajifanya ni tapentaini.

Tulirudi nyumbani jua likizama, furushi likiwa kichwani kwangu. Asubuhi gauni lilikuwa limetundikwa msumarini na daftari limerudi chini ya godoro. Siku tatu zaidi mama alikwenda kuketi kwenye kigoda kile, bila furushi, nami nikitafsiri: geuka kidogo, inua kidevu, pumzika. Nilitafsiri kwa uaminifu ambao sijawahi kuwa nao tena.

Picha ilipokwisha, mama aliiangalia akaziba mdomo kwa mkono, akacheka mpaka mabega yakatikisika. "Mwambie uso ni wa mtu mwingine," akasema, "lakini mikono hakukosea." Mwalimu alifurahi kuliko kama angesifiwa na mkaguzi. Mwaka ulipokwisha alipata uhamisho wa kurudi pwani. Picha ilikuwa kubwa mno kwa basi, na sehemu nyingine zilikuwa bado hazijakauka, kwa hiyo alimwachia mama. Kabla ya kuondoka aliandika lile jina nyuma, mbele yetu, kwa brashi nyembamba.

Baba alirudi karibu na Pasaka. Aliingia, akaweka fimbo yake mlangoni, akasimama mbele ya picha muda mrefu kuliko alivyosimama mbele ya yeyote kati yetu. Nilitegemea acheke kama wengine. Badala yake aliinama, akaelekeza kidole chini kabisa, kwenye miguu.

"Huyu alikuwa anakwenda wapi?"

Ndipo nami nikaona kwa mara ya kwanza. Kisigino cha mguu wa kulia hakikugusa ardhi. Mwalimu alikuwa amekiacha hewani, na chini yake alipaka mstari wa kivuli chekundu, rangi ya udongo wetu. Mwanamke wa kwenye picha alikuwa ameketi kama mtu anayeinuka.

"Hakwenda," mama akasema, akampakulia chakula.

Baba alikaa siku mbili, akarudi Loliondo.

Sitasema kwamba kubaki kwa mama kulitengeneza mambo. Hakukutengeneza. Alilima peke yake, aliuguza wadogo zangu peke yake, alisimama kwenye foleni za sabuni na sukari miaka ile ambayo vitu viliadimika, akarudi na nusu ya alichofuata. Mikono yake ikawa kweli kama ya kwenye picha. Baba alirudi kwetu moja kwa moja alipoanza kukohoa na yule mwanamke wa Loliondo kuchoshwa naye, na mama ndiye aliyemlisha kwa kijiko hadi siku tulipomzika nyuma ya kihenge. Bibi alikuwa amesema kweli, alirudi alipochoka.

Mimi nilikuwa nimekwenda chuo cha ualimu, nikapangiwa shule mbali, nikaolewa. Kadiri nilivyokua ndivyo neno lile lilivyozidi kuniuma. Mtoto wa darasa la nne alitaka mama yake, nani atamlaumu? Lakini mtu mzima nilimlaumu yule mtoto bila huruma. Niliona nimemfunga mama yangu kamba kwa neno moja, kwa sababu alikuwa hajui Kiswahili na alimwamini mwanawe. Kila nilipokwenda likizo nilikuta yale macho yenye kijani chini yake yananitazama. Usiku mmoja nilimlaumu hata mwalimu. Mtu wa pwani kabisa, anayejua neno kuketi! Angesema aketi, angeandika aliyeketi, ningelala usingizi.

Miaka ya themanini ilikuwa inaelekea ukingoni nilipopata ujasiri. Likizo ilikuwa imekwisha. Mfuko wangu ulikuwa mlangoni, nikingoja basi la alasiri. Mama na mimi tulikuwa na ungo wa maharage kati yetu, na picha juu yetu, imeliwa na moshi, pembe moja imetafunwa na panya.

"Aayo," nikasema, "siku ile mwalimu hakusema ubaki. Alisema uketi kwenye kigoda. Nilikudanganya."

Aliokota jiwe, akalitupa nje.

"Alisema 'mwambie akae'," akajibu.

Alilisema kwa Kiswahili, wazi, kwa lafudhi yake nzito ya Kiiraqw. Sikuwa nimesikia sauti yake katika lugha hiyo tangu maziwa yalipomwagika.

Akaendelea kwa lugha yetu. Wiki ile ile, akasema, mwalimu aliwafundisha neno hilo kwenye kisomo. Alileta kaa la moto kwenye kipande cha bati, akasema hili ni kaa. Akaketi kwenye kiti, akasema nimekaa. Akaelekeza kidole Tanga, akasema huko ndiko ninakokaa, na baridi yenu hii itaniua. Darasa zima lilicheka. "Niliandika kwenye daftari mara ishirini," mama akasema. "Na hata nisingejua, mtu anakuonyesha kigoda kwa brashi, utashindwa kuelewa?"

"Sasa kwa nini uliniuliza mara ya pili?"

"Nilitaka kuona kama utarudia."

Maharage yalikuwa yamechanganyikana machoni pangu.

"Mwalimu hakunizuia," akasema. "Nilijua ni nani anayenizuia. Ulikuwa umeshika upindo wa shuka yangu, hukujua kama umeushika."

Nilikuwa sikumbuki hilo, na sikumbuki mpaka leo.

"Kama ningetafsiri sawasawa?"

Hakufikiri. Nadhani alikuwa amekwisha kulifikiria siku nyingi.

"Ningeketi kidogo, mwalimu afurahi. Halafu ningekwenda. Basi lilikuwa bado."

Aliongea kwa sauti ya kawaida, ile ya kueleza bei ya chumvi. Hakunilaumu, na hakusema pia kwamba haikumgharimu. Nilisimama. Sikutaka anione nikilia kama mtoto, mtu mzima na watoto wawili, na nikanyoosha mkono kuchukua mfuko wangu. Njia panda honi ikalia mara mbili.

"Kaa," mama akasema, kwa Kiswahili.

Nikaketi. Akanisogezea ungo, kwa sababu upande wangu ulikuwa bado na mawe, na tukachambua hadi basi lilipokwisha kupita.